Tairodi Tatu Langoni

Kaka yangu alikuwa na gari la Kimarekani la zamani, refu mno, milango miwili tu, na boneti pana ambayo watu wawili wangeweza kulala juu yake wasigusane. Lililetwa Dar es Salaam na Mzungu mmoja wa ubalozini miaka mingi nyuma, likauzwa, likauzwa tena, likamfikia kaka likiwa halina injini na kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Akalipenda hivyo hivyo. Akalipiga rangi nyeupe, akalishonea viti vipya, akatafuta injini, akaanza kulikodisha kwa ajili ya harusi. Maharusi wa Ilala na Magomeni walikuwa wanalisubiri kwa zamu. Dereva alikuwa yeye mwenyewe, suti nyeusi na glavu nyeupe, mwendo wa kujionyesha, hata watoto wanaokimbia kando wanampita.

Mimi wakati huo, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa Guangzhou. Baba yetu alituachia duka la spea pale Gerezani, na kwa kuwa kaka alipenda zaidi kuendesha kuliko kuuza, duka likaangukia mikononi mwangu. Nilikulia humo. Nilijua kutofautisha bushi na bushi kabla sijajua kusuka ukili, na mteja akija na kipande cha chuma kilichovunjika mfukoni, mimi ndiye niliyemwambia kimetoka gari gani. Spea zilipoanza kupatikana China, wanaume wa Gerezani wakawa bado wanaulizana kama inawezekana, mimi nikafunga sanduku nikaenda.

Nilipanga chumba nyuma ya Barabara ya Huanshi, hatua chache kutoka jengo la Tianxiu Dasha, ambako kulikuwa na wakala wetu wa mizigo na mashine ya faksi. Watu wakisikia China ya miaka ile wanadhani nilikuwa na dhiki. Nilikuwa na raha zangu. Chini ya chumba kulikuwa na mgahawa wa Waislamu wa huko kaskazini-magharibi ya nchi, wanavuta tambi kwa mikono mpaka zinakuwa nyembamba kama uzi, na nyama yao naila bila wasiwasi. Asubuhi nilizunguka masokoni, mchana nililala kidogo, na jioni nilikaa dirishani na chai yangu ya maziwa nikiangalia baiskeli zikipita. Hakuna aliyeniita kuja kuamua ugomvi wa ndugu. Hilo peke yake lilinitosha.

Kilichonisumbua ni lugha. Nilijua maneno ya sokoni, ya kuuliza bei na kukataa bei, basi. Mazungumzo yakizidi hapo, nilimwita binti mmoja wa Iringa aliyekuwa anasoma udaktari pale mjini kwa ufadhili wa serikali. Kichina chake kilikuwa kizuri mpaka wenye maduka walikuwa wanamwita aje wamsikie. Malipo yake yalikuwa chakula. Nilimpikia ugali kwa unga uliotoka nyumbani, na nikipata dagaa alikuwa anafika kabla sijamaliza kuwaosha.

Siku moja ikaja faksi ya kaka. Usukani unacheza, tairodi zimekwisha, Dar nzima hakuna, nisaidie. Tairodi ni kile kichuma kinachotoka kwenye usukani kwenda kulishika gurudumu la mbele. Mwishoni mwake kina kichwa cha mviringo kinachogeuka ndani ya kikombe, na juu yake kuna kofia ya mpira ya kuzuia vumbi. Kichwa kikilika, dereva anakata kulia na gari linafikiria kwanza. Kaka alimpa msafiri ile ya upande wa kushoto, iliyochakaa zaidi, aniletee iwe sampo, mfano wa kutafutia.

Nilitafuta wiki mbili. Kila duka, mei you, mei you, hakuna, kana kwamba wamekubaliana. Mwishowe mtu mmoja akanielekeza ng'ambo ya mto, kwenye uchochoro ulio nyuma ya Kangle, kule kwenye vyerehani. Unapita katikati ya vyumba vinavyoshona mashati, sauti ya vyerehani pande zote, kisha ghafla unasikia chuma kinalia. Kulikuwa na karakana ya watu kama kumi hivi, na mwenyewe, laoban, alikuwa kijana mwenye kalamu sikioni.

Aliyenikerezea ile tairodi alikuwa mzee. Wote walimwita shifu, kama sisi tunavyosema fundi kwa heshima. Alifanya kazi miaka thelathini kwenye kiwanda cha serikali, na kiwanda kilipoanza kupunguza watu naye akapunguzwa. Laoban alimpokea na kumpa mashine ya kukereza iliyo karibu na dirisha. Mzee aliishika sampo yangu, akaigeuza, akainusa, akaipima kwa kidole kabla ya kuipima kwa kipimo. Siku tatu baadaye akanipa jozi inayong'aa, na kila moja ameigonga alama yake, nukta tatu ndogo shingoni. Nilizizungusha mkononi, zikazunguka taratibu kama zimezama kwenye asali. Nilizipenda kweli, na nikamwambia binti amwambie hivyo.

Kaka alizifunga. Baada ya wiki sita ikaja faksi yenye neno moja, "Zimekufa." Halafu msafiri akaniletea ile ya kushoto ikiwa imeviringishwa kwenye gazeti, ndani ya mfuko mmoja na dagaa. Kichwa kimelika, kofia ya mpira imepasuka, grisi yote imegeuka mchanga.

Mimi nina hasira za karibu. Baba alikuwa anasema hasira zangu zinalala mlangoni. Nilimchukua binti, tukavuka mto, nikaitupa ile tairodi juu ya meza ya laoban.

"Mwambie laoban hii kwaliti gani? Wiki sita! Hata kandambili inakaa zaidi!"

"Kandambili nitaiacha, dada," binti akasema. "Nitasema tu kwamba haikudumu."

"Sema na kandambili!"

Laoban hakubishana. Akaniongoza hadi langoni. Ukutani, karibu na mlango ambao kila mtu anapita akiingia kazini, kulikuwa na waya umenyooshwa, na juu yake vimeninginia vyuma kama vitano hivi. Akaeleza, binti akatafsiri. Pale karakanani mteja akirudisha kitu kibovu, anakitundika mwenyewe, kwa mkono wake, na alama ya fundi iangalie nje. Hakuna faini, hakuna maneno. Ila fundi akitundikiwa vitatu katika mwaka mmoja, anatoka kwenye mashine anakwenda kufunga makasha, na mashine anapewa mwingine.

Nilitundika. Wafanyakazi wote waliinamia kazi zao. Mzee alizima mashine yake, akaja akaiangalia tairodi pale kwenye waya bila kuigusa, akarudi. Sikumwonea huruma. Nilikuwa namfikiria kaka na bibi harusi aliyempakia wakienda mtaroni.

Jozi ya pili aliikereza kwa chuma kigumu zaidi na akanikataza kuigusa kabla hajamaliza. Ilikaa wiki tano. Nilipokwenda kuitundika ile ya kushoto, mzee alinisimamisha. Akaomba aishike. Akaipangusa grisi kwa kitambaa, akamwonyesha binti kichwa kimelika upande mmoja tu, na mpira umepasuka upande huo huo.

Binti akaichukua, macho yakamng'aa. "Dada, hii ni kama nyonga ya mtu anayechechemea. Mgonjwa si mfupa peke yake. Unamwangalia anavyotembea."

"Wewe soma nyonga zako huko shuleni. Mzee anasemaje?"

"Anauliza, hilo gari liko vipi? Kuna kitu chochote kimebadilishwa?"

Nakumbuka nilivyosimama, nilivyoshika kiuno, na nilivyojibu. "Hakuna. Mwambie hakuna kilichobadilishwa. Gari zima."

Nilisema kweli, kwa jinsi nilivyoijua kweli siku ile. Pale Gerezani hakuna gari la zamani lenye injini yake. Injini ya hili iko kwenye lile, giaboksi ya lile iko kwenye pikapu ya mtu wa Kibaha, milango imetoka kwa marehemu fulani. Mtu akikuuliza gari lako lina nini huanzi kutaja hayo, kama ambavyo mtu akikuuliza hali huanzi kutaja kwamba una damu mwilini. Kaka alikuwa ameweka injini ya dizeli iliyotoka kwenye lori dogo, tena nilimsaidia mimi kuitafuta. Haikunijia akilini hata kidogo. Mzee alinitazama machoni, akaamini, akarudi kwenye mashine yake.

Ya tatu haikumaliza mwezi.

Nilikwenda asubuhi, nikaitundika karibu na zile mbili, nukta tatu zikiangalia nje. Laoban akamwita mzee na kumwambia jambo fupi. Mzee alichukua kikombe chake cha chai kutoka dirishani, akachukua na kitambaa chake, akaenda nyuma kwenye makasha. Kijana mmoja akakaa kwenye mashine. Yote hayo yalimalizika kabla sijafunga vizuri kamba ya kikapu changu.

Nilijiona nimetenda haki. Lakini njia nzima ya kurudi binti hakunitania, na nilipompa dagaa alisema ameshiba, jambo ambalo halijawahi kutokea. Wiki iliyofuata nilikuwa na oda nyingine pale ya bushi za pikapu. Nilimkuta mzee ameinama anabandika karatasi juu ya makasha. Alikuwa anazinyoosha kwa kidole gumba mpaka pembe za karatasi zinalingana na pembe za kasha, moja baada ya moja, kazi ambayo hakuna mteja atakayeitazama. Akaniamkia kwa kichwa. Usiku wake nilikosa raha na nikajidanganya ni tambi.

Kisha ikaja bahasha. Kaka alikuwa ananitumia picha kila baada ya muda, maana alijua napenda kuona magauni. Safari hii alikuwa bibi harusi wa Magomeni amesimama mbele ya gari, gauni lina mkia wa kutosha kupambia ukumbi. Nikamwita binti tulitazame. Tukasema mikono imebana, tukasema shela ni nzuri, tukasema bwana harusi anaonekana amelazimishwa. Halafu binti akasogeza picha karibu na dirisha.

"Dada, hili gari mbona limeinamisha pua?"

"Linainamisha wapi?"

"Si hapa. Mbele limelala kama linasujudu. Na matairi ya mbele yametoka nje ya bodi. Angalia, yametokeza kama viwiko."

Nikaangalia. Miaka yote kwenye spea, na ile picha nilikuwa nimeitazama mara kumi kwa ajili ya gauni. Matairi yalikuwa mapana, ya pikapu, na ili yasiguse ndani kaka alikuwa ameweka spesa kuyasukuma nje. Springi za mbele amezikata lilale chini, wapendavyo vijana. Na juu ya yote hayo, chini ya boneti, ile injini ya lori. Nikaiona tairodi ya mzee akilini mwangu, imevutwa kwa pembe, imebebeshwa uzito ambao haikuumbiwa, na kila kona gurudumu lile la nje linaisokota kama mtu anayefungua kopo kwa mpini mrefu. Upande mmoja tu. Mpira unapasuka upande huo huo.

"Injini," nikasema.

"Injini imefanya nini?"

"Si yake. Ni ya lori."

Binti alinitazama. "Dada. Mzee alikuuliza."

Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Nikashuka moja kwa moja hadi Tianxiu, nikamwandikia kaka faksi ya kurasa mbili, maneno ambayo dada wa Kichina aliyeendesha mashine alibahatika kutoyaelewa. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia amebadilisha matairi na springi. Jibu lake lilikuja kesho yake, na hadi leo nikilikumbuka nacheka peke yangu. "Mdogo wangu, sikubadilisha kitu chochote. Nilitengeneza."

Basi ningemlaumu vipi? Nami nilisema hivyo hivyo.

Tulivuka mto asubuhi ileile, jibu la kaka likiwa kwenye kikapu pamoja na ile picha. Njiani binti alikuwa anatafuta maneno ya Kichina ya springi iliyokatwa, ananung'unika peke yake ndani ya basi hadi mtu wa pembeni akahama kiti. Tulipofika nikamwomba laoban azime mashine zote. Alidhani nimeleta ya nne.

Nilisimama chini ya ule waya nikaanza kusema, na binti akafuata nyuma yangu, sentensi kwa sentensi. Nikasema tairodi hizi hazina ubaya. Nikasema mzee aliniuliza swali sahihi na mimi nikampa jibu la uongo, ingawa sikujua ni uongo. Nikasema nilizitundika kwa hasira, na kosa ni la kwetu, la kaka na la kwangu, na la kwangu ni kubwa zaidi kwa sababu mimi ndiye ninayejua spea. Binti akamalizia mwenyewe, na sijui aliongeza nini, maana alisema maneno mengi kuliko niliyompa.

Laoban akakuna sikio kwa kalamu. Akasema hajawahi kuona hili. Kwa desturi yao kitu kikitundikwa kinabaki mpaka mwaka uishe, hakuna aliyewahi kuja kukishusha. Akasema, tena kwa upole, kwamba mashine ina mtu wake sasa.

"Mwulize desturi inasema anayetundika ni nani."

"Anasema mteja, kwa mkono wake."

"Basi na mkono ni huu."

Nikavuta kasha, nikapanda juu, na baibui langu, nikazishusha zote tatu. Hakuna aliyenizuia. Nikampa laoban picha, nikamwonyesha kwa kidole, tairi, pua ya gari, boneti. Aliitazama kwa muda mrefu, akaifunika sehemu ya bibi harusi kwa kiganja ili aone vizuri. Mtu huyu alijua kazi yake. Alimwita mzee kutoka nyuma, akampa picha. Mzee akaiangalia, akapiga hesabu kwa vidole, akasema kitu kimoja, kwamba tairodi ilikuwa inavutwa kwa pembe, laoban akaitikia kwa kichwa, na yule kijana aliyekuwa kwenye mashine akainuka na kuondoka mwenyewe kabla hajaambiwa, anatabasamu, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachombana.

Mzee hakukimbilia. Alirudisha kikombe chake dirishani. Kijana alikuwa ameinua kiti, mzee akakishusha. Akaigeuza taa. Akapapasa mikono ya mashine mmoja mmoja, akapangusa mahali ambapo mimi sikuona uchafu wowote. Sisi wote tulisimama tunamsubiri, hata laoban. Nilikuwa nalia na sikujali nani ananiona, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nifike ule mji.

Alipokaa, akavuta kasha karibu, akanionyesha nikae. Akachukua karatasi na penseli.

"Anasema sasa mweleze gari lote," binti akasema. "Lilivyo, si linavyotakiwa kuwa. Anza na injini."

Nikamweleza. Injini ya lori, giaboksi ya pikapu, redieta iliyotoka kwenye basi. Nikaeleza ekseli, nikaeleza breki, nikaeleza kwamba tangi la mafuta lilikuwa pipa. Kila jambo binti akilitafsiri mzee anaandika, na nilipofika kwenye pipa aliweka penseli chini akacheka, kicheko chembamba, cha kukohoakohoa, na wale waliokuwa wanainamia kazi zao kila nikiingia wakacheka naye. Akasema springi zirudishwe nzima na spesa zitolewe, hilo hakuna mjadala. Injini ibaki, maana bila injini hakuna harusi, na yeye atakereza tairodi ya kuibeba, nene zaidi, kikombe chenye kina.

Kisha akauliza jambo ambalo binti alisita kulitafsiri.

"Sema tu."

"Anauliza, siku ile alipokuuliza kama kuna kilichobadilishwa. Ungejua yeye ndiye atakayeondolewa, ungefikiri zaidi kabla ya kujibu?"

Nilitaka kujitetea. Maneno yalikuwepo, tena mengi. Nikasema ndiyo, ningefikiri zaidi.

Mzee akainamisha kichwa kuonyesha amesikia, akawasha mashine. Tukasimama nyuma yake, mimi na binti, tunamwangalia akianza kukereza, mpaka akatuashiria kwa mkono kwamba tunamzibia mwanga.